Chujio la hewa la oili na sensa
Umeuliza kama chujio la hewa la oili, lile la kuosha na kupaka oili tena, linaharibu sensa ya MAF, yaani ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Chujio lenyewe haliharibu sensa, mkuu; shida ni oili ikizidi. Nipo gereji hapa Arusha, naona watu wakishaliosha wanalimwagia oili mpaka inachuruzika, wanalirudisha hapohapo. Injini ikivuta hewa, oili inaenda kuganda kwenye kile kiwaya chembamba cha sensa ya MAF, vumbi linanasa juu yake, vipimo vinakuwa vya uongo: mngurumo wa injini unapanda na kushuka gari likiwa limesimama, taa ya injini inawaka. Usikimbilie kununua sensa mpya. Puliza dawa maalumu ya kusafishia sensa ya MAF, waya usiuguse na kitambaa. Gari linalotumia MAP (sensa inayopima presha ya hewa) bila MAF halina kesi hiyo. Ila kwa vumbi letu la kiangazi, mimi bado nafunga la karatasi, linakamata vumbi laini vizuri zaidi.