Maswali na Majibu: Sheria na Mbwa Wakali

SWALI: Nataka kununua pit bull hapa Nairobi. Je, amepigwa marufuku Kenya?

JIBU: Sheria za taifa hazina orodha ya aina za mbwa zilizokatazwa. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Kila mtu huniuliza aina ya mbwa. Hakuna anayeuliza ua wake uwe na urefu gani.

SWALI: Nimebandika kibao cha MBWA KALI langoni. Mgeni akiumwa, si amejitakia?

JIBU: Kibao hicho kinaweza kukumaliza mahakamani. Kanuni tuliyorithi kwa Waingereza huuliza hivi kuhusu mnyama wa kufugwa: je, mwenyewe alijua kuwa ana tabia ya kudhuru? Kama alijua, atalipa hata asipozembea. Wewe umeliandika kwa herufi kubwa, utamwambia hakimu hukujua? Kwa mwizi aliyeruka ukuta kinaweza kukusaidia. Kwa mama mboga aliyebisha hodi, au mtoto asiyejua kusoma, usikitegemee.

Kisha kuna jinai. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika mtu anayehatarisha wengine kwa kutochukua tahadhari juu ya mnyama aliye naye. Hakitaji aina yoyote, kinamtazama mwenye mbwa. Ninyi mnaofungua geti alfajiri mbwa "wanyooshe miguu" wakati watoto wanakwenda shule, kifungu hicho ni chenu.

SWALI: Kwa nini tusiwe na orodha kama Uingereza?

JIBU: Sheria yao ya 1991 ilianza na aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Zaidi ya miaka 30 baadaye wakaongeza XL Bully. Tangu 1 Februari 2024, kuwa naye bila cheti cha msamaha ni kosa England na Wales. Kinachopimwa ni umbo la mbwa, si tabia yake. Koko anayezurura bila chanjo hangeingia kwenye orodha hiyo kamwe, na huyo ndiye ninayemhofia mimi.

SWALI: Mbwa wa jirani amemuuma mwanangu mguuni. Jirani anasema amechanjwa. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri hata kidogo! Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali leo hii. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna tiba. Jirani alete kadi ya chanjo yenye tarehe, maneno matupu hayatoshi. Ukitoka hospitali, pitia kituo cha polisi uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na utunze risiti zote za sindano. Utazihitaji ukidai fidia.