Alama nne chini ya kioo

Mdogo wangu, umeuliza vipi wasichana wa huku Pemba wanunue kipimo cha mimba au vidonge vya kuzuia mimba bila kuona haya. Mimi nauza duka la dawa Wete, mwaka wa sita sasa. Haya haitoki kwenye dawa, inatoka kwa anayesimama nyuma yako. Msichana anaingia, anamkuta mzee wa mtaani kwao kaja kuchukua dawa ya presha, basi anaomba panadoli na kuondoka. Kesho panadoli tena! Siku ya tatu ndiyo nikamfahamu.

Kule Shinyanga walijaribu kitu kinaitwa Malkia Klabu: msichana ana kadi yenye alama, anaonesha kwa kidole anachotaka, hataji kitu. Nami nikaiga kimasikini. Kipande cha boksi chini ya kioo cha kaunta, alama nne nimezichora kwa kalamu (ya kondomu imetoka kama boga, lakini wanaielewa). Anaonesha, nafunga kwenye gazeti, kwisha. Siulizi mume yuko wapi.

Ila vidonge vya dharura, vile vya kuzuia mimba baada ya tendo, havingoji duka liwe tupu. Ni ndani ya saa 72 tangu tendo lenyewe, na kila ukiwahi ndiyo bora. Mimba iliyokwisha kuingia haviitoi, wengi wanachanganya hapo. Kipimo nacho, ngoja tarehe ya siku zako ipite bila kuziona, utumie mkojo wa asubuhi.

Ukitaka utulivu, njoo saa nane mchana. Wazee wote wamelala.