Kitaa cha LED kwenye boksi la betri ya volti 12: kabla hujaweka rezista ya ohm 470

Mkuu mleta uzi, umesema boksi lako la kuchajia simu lina betri ya gari, paneli iko juu ya bati, na kile kitaa chekundu cha kuonyesha kuwa boksi limewashwa umeshaunguza viwili ukitumia rezista (kile kidude kinachobana umeme usipite mwingi) uliyong'oa kwenye redio mbovu bila kujua ni ya ngapi. Na mdau hapo juu kakwambia weka 470 tu mambo yaishe. Sikatai, kwa 470 kitaa kitawaka, ila hiyo namba ni ya betri iliyotulia kwenye volti 12 na yako haitulii.

Chukua mita uishikishe kwenye vichwa vya betri mchana jua likiwa kali, utakuta 13 na kitu, na ikikaribia kujaa inapanda mpaka 14.4 hivi kama kontrola yako (kile kifaa kinachosimamia chaji toka paneli kwenda betri) ni nzima. Hesabu anza na hiyo ya juu kabisa. LED nyekundu inakula karibu volti 2, kwahiyo 14.4 toa 2 inabaki 12.4, na hizo 12.4 zote ni mzigo wa rezista. Gawa kwa 470 unapata miliampea 26, wakati hizi LED za kawaida za milimita 5 nyingi zimeandikiwa 20. Hapo bado rezista yenyewe, 12.4 mara 0.026 inakuja kama wati 0.32, na vile virezista vidogo tunavyotumia wote ni robo wati, yaani kila siku jua likiwaka unakikaanga. Nimeshafungua maboksi ya watu nikakuta ile mistari ya njano na zambarau ya hiyo 470 imebabuka imekuwa kahawia yote, plastiki ya pembeni imelainika, na mwenye boksi analalamika LED za siku hizi feki.

Sasa hiyo 20 watu wanaikariri kama vile ni lazima uifikishe, hapana, hapo ndio mwisho. Kitaa cha kuonyesha tu kwamba kitu kimewaka hakihitaji hata nusu yake, LED za sasa hivi ukizipa miliampea 2 unaziona vizuri tu ndani ya nyumba, ukizipa 5 unaziona hata mlangoni mchana. Mimi nyekundu kwenye betri ya 12 naweka 2.2k (yaani ohm 2200) na sijawahi kurudia kazi. Hesabu yake: 12.4 gawa kwa 2200 ni miliampea 5.6, wati 0.07, rezista unaishika kwa vidole haina hata joto. Halafu rangi za mistari yake ni nyekundu nyekundu nyekundu kisha dhahabu, hata umeme ukiwa umekatika na unatumia tochi ya simu huwezi kuikosea. Zile rezista za bluu zenye mistari mitano zisikuumize kichwa, zipime na mita.

Ukitaka bluu au nyeupe, hizo zinakula volti 3 na kidogo, ukifuata hesabu peke yake utaambiwa upunguze rezista. Usipunguze. Macho hayajali hesabu, bluu ni kali mno, na kama boksi linalala chumbani utaishia kukibandika plasta hicho kitaa. Kwa bluu naanzia 10k, hapo inapita kama miliampea 1 tu na bado inaonekana. Kijani ziko aina mbili, za zamani zinakula karibu 2 kama nyekundu na hizi mpya kali zinakula 3, kwahiyo ipime: mita weka kwenye alama ya dayodi, gusa miguu, itawaka kwa mbali na kukuandikia volti zake. Bluu na nyeupe mita nyingi za bei rahisi hazina nguvu ya kuziwasha, usije ukatupa kitu kizima.

Kama hutaki hesabu kabisa, tafuta voliumu (ile ya kuzungusha sauti) ya redio mbovu ya 10k, iunge kwa mfululizo na rezista ya 1k (hiyo 1k usiiache, ndio inayoilinda LED ukizungusha mpaka mwisho), washa, zungusha mpaka mwanga ukupendeze ukiwa umekaa pale utakapokuwa unaangalia, zima, chomoa, pima jumla ya vyote viwili na mita, halafu nunua rezista ya namba inayofuata kwa juu. Kazi ya dakika chache.

Umeuliza pia kama rezista moja inatosha LED mbili, nyekundu na bluu ukiziunga sambamba. Hapana mkuu, nyekundu itabeba umeme wote kwasababu yenyewe inaanza kupitisha kwenye 2 na bluu inasubiri 3 ambazo hazitafika, utaona bluu imezima. Kila moja na rezista yake, sio kitu cha kubania pesa.

Na kile kitaa cha pili unachotaka kukiweka upande wa paneli kujua kama jua linaingia, angalia sana, paneli inayoitwa ya 12 ikiwa haina mzigo inatoa volti 20 na zaidi. Hapo weka 4.7k. Aliyeuliza kuhusu umeme wa TANESCO wa 230, ndugu yangu usiweke LED na rezista moja kule, nunua taa ya neoni yenye rezista yake ndani, hazina gharama.

Mguu mrefu wa LED ndio chanya. Rezista inaweza kukaa mguu wowote, LED haijali, ila wewe ilehemu kule unakotolea umeme, karibu na kichwa cha chanya baada ya fyuzi, sio kule kwenye mfuniko. Maana waya wa kitaa ni mwembamba na unakunjwa kila ukifungua boksi, siku ukichubuka ukagusa bati la boksi umeme wenyewe utakuwa umeshapita kwenye 2.2k, zinavuja miliampea 6 na nusu basi. Ukiiweka kwenye mfuniko, kinachogusa bati ni betri ya gari nzima. Ukishapima mchana tuwekee namba za mita hapa tuone kontrola yako inafanya nini.