Mama ameacha vidonge vya sukari anakunywa mlonge

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Moshi, mama angu ana sukari huu mwaka wa sita, kliniki wanampa metformini na glibenklamaidi. Mwezi uliopita kuna mtu kamletea unga wa mlonge uliochanganywa na karela, lile tango chungu, anakunywa kijiko asubuhi na jioni, vidonge kaacha kabisa, anasema hata hiyo metformini imetoka kwenye mmea sasa kwa nini asinywe mmea wenyewe. Jana asubuhi nimempima hajala kitu, mashine ikasoma 14 mmol/L. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kumpima. Mama hajadanganywa kwenye hilo la mmea. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa Galega officinalis, una kitu kinaitwa galejini, na kweli kinashusha sukari, ila kondoo wakila mwingi wanakufa. Miaka ya 1920 wakawajaribishia wagonjwa, ikaonekana sumu yake ni kubwa, wakaachana nayo. Metformini ni ndugu yake aliyetengenezwa maabara, huyo ndo mwili unamvumilia, na daktari Mfaransa Jean Sterne akatoa matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo mama akisema anataka mmea wenyewe, mmea wenyewe ndo huo unaoua kondoo.

Mlonge na karela siyo sumu ya hivyo, ni mboga, na mimi sizidharau hata kidogo. Zimepimwa kwenye vichupa vya maabara, zimepimwa kwa panya walioharibiwa kongosho kwa dawa ili wapate sukari, na huko zinashusha. Lakini vitu vingi sana vinashusha sukari ya panya halafu vikija kwa binadamu vinaishia njiani, na majaribio ya karela kwa watu mpaka sasa ni madogo, majibu yake hayatoshi kumwambia mgonjwa aache dozi.

Halafu kiangalie hicho kijiko chenyewe. Kidonge kimeandikwa miligramu 500, cha leo na cha mwezi ujao ni sawasawa. Unga je? Majani ya masika na ya kiangazi hayafanani, karela imewekwa kiasi gani hakuna anayejua, leo kijiko kimejaa kesho nusu, yaani mama anajipimia dawa kwa macho.

Sisi wa huku tulishayaona, 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dozi zao. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Leo hii mpeleke kliniki. Msirudishe vidonge kimyakimya huku unga unaendelea, maana glibenklamaidi ikikutana na karela sukari inaweza kushuka chini ya 4, mtu anatetemeka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa. Na ukiona anatapika, anahema harakaharaka au usingizi hauishi, msisubiri kliniki, nendeni hospitali hata kama ni usiku. Muombe pia kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, 14 ya asubuhi moja iko juu ila haisemi yote.

Kopo la unga msilitupe wala msilifiche kwa kuogopa kugombezwa, libebeni pamoja na vidonge, mliweke mezani kwa daktari, mama mwenyewe aeleze alikuwa anakunywa vijiko vingapi.