Picha ya familia Coco Beach: anza na jua, kisha maji

Dada mmoja ameandika akiuliza kwa nini picha za familia yake pale Coco Beach, Dar es Salaam, zilitoka nyuso nyeusi na bahari nyeupe pe, ilhali mpigapicha alikuja na kamera ya maana. Kamera haina kosa.

Coco inatazama mashariki. Asubuhi jua linachomoza baharini, kwa hiyo ukiwapanga watu wakaipa bahari mgongo, nyuso zao zimo kivulini. Kamera inasoma ule mwangaza wa nyuma, inapunguza mwanga, na ngozi zetu zinazama gizani. Ongeza fidia ya mwanga (kile kitufe cha +/- cha kamera) hadi +1, na mtu ashike shuka jeupe mita 2 mbele yao limulike nyuso. Ila kwa nini ujitese? Nendeni jioni. Jua linazama upande wa mji, kati ya saa 12:10 na 12:50 kutegemea mwezi, na likishajificha nyuma ya miti na majengo mwanga unalainika, hakuna anayekunja uso.

Sasa maji, ambayo wapigapicha wengi wa mjini hawayaulizi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani hii maji hujaa mnamo saa 10 hadi 11 jioni. Ukifika, mchanga umebaki kipande na watu wanaminyana. Sogeza tarehe kama wiki moja mbele, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na jioni saa hizohizo utakuta yamekupwa. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi, basi angalia jedwali la maji kabla ya kukubali tarehe. Jumapili usikubali kabisa, labda mnataka na ukoo wa jirani kwenye picha.

Kosa jingine ni upeo wa bahari, ule mstari wa maji na mbingu, kukata vichwa au shingo za watu. Upeo hukaa kwenye kimo cha kamera. Ufuo una mteremko: familia iko chini karibu na maji, wewe uko juu umesimama wima, mstari unawapita vichwani au shingoni. Piga goti mpaka ushuke kwenye viuno vyao.

Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa tundu hadi f/1.8 kwa umbali wa mita 5, sehemu yenye ukali haifiki sentimita 40. Bibi aliyekaa mbele atatoka safi, wajomba waliosimama nyuma watakuwa ukungu. Tumia f/5.6, tundu dogo zaidi, shata 1/250 ya sekunde, fokasi kwa waliokaa mbele, na upige fremu 6 mfululizo maana lazima mmoja atafumba macho. Kiti cha bibi kiwekee ubao chini ya miguu. Cha plastiki kinadidimia upande mmoja, na bibi anaanza kuinama kama mnazi.

Kamera ikitoka kwenye gari lenye AC, lenzi inapata mvuke. Usiifute. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 izoee joto.

Halafu wapeni watoto mihogo. Familia haiendi Coco kusimama mstari. Pandisha shata hadi 1/500, sogea karibu, subiri kidole kichovye kwenye chachandu. Mama atataka kuwafuta midomo kwanza, mwombe asubiri.