Saa Nane Ipi? Faili Lako Kabla ya Barua ya Kujieleza

Wiki hii mkunga mmoja wa hospitali ya wilaya ameniandikia. Mzazi alitokwa damu nyingi usiku, akapewa rufaa, akapona. Ndugu wamelalamika, na yeye amepewa siku saba za kujieleza kwa maandishi. Ujumbe ni mrefu, lakini swali liko mwishoni: "Patografu ina mapengo. Naweza kuyajaza sasa?" Patografu ni ile chati ya kufuatilia uchungu, mama na mtoto hadi kujifungua.

Hapana, dada yangu. Usiliguse hilo faili. Pengo ni uzembe, na uzembe una maelezo yake. Pengo lililojazwa baada ya malalamiko ni kughushi, na hilo halina maelezo. Hapa Tanzania, Baraza la Uuguzi na Ukunga linafanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na lina uwezo wa kukuonya, kukusimamisha au kukufuta kwenye rejesta. Watakaokaa kulisoma faili hilo hawakuwepo wodini usiku ule. Wataona wino, saa na saini, basi.

Nianze na saa, kwa sababu ndiko tunakoangukia wengi na hatusemi. Tunaongea Kiswahili, tunaandika Kiingereza, na katikati hapo saa sita zinapotea. Mama anafika saa nne asubuhi, anaulizwa uchungu ulianza lini, anajibu "saa nane". Yeye ana maana ya saa nane usiku, yaani 02:00. Aliyempokea ana wagonjwa wengine wawili mlangoni, anaandika 8:00. Kwenye karatasi uchungu una saa mbili, kwenye mwili wa mama una saa nane. Kila uamuzi utakaofuata utajengwa juu ya kosa hilo, na atakayefuata zamu hana namna ya kulijua.

Dawa nazo ni hivyo hivyo. "Sindano ya saa mbili" ni ya 08:00 au ya 20:00? Uliza kila mara: ya usiku, ya alfajiri au ya mchana? Kisha geuza kabla kalamu haijagusa karatasi. Saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00, saa 8 usiku ni 02:00. Andika tarakimu nne, usiandike "8" peke yake hata siku moja. Ikifika 00:00 andika tarehe mpya, maana zamu ya usiku ina tarehe mbili na wengi huandika ile waliyoingia nayo kazini hadi asubuhi. Na chagueni saa moja ya wodi. Ya ukutani ikiwa nyuma dakika kumi na simu yako iko sawa, faili litaonyesha daktari amefika kabla hajaitwa.

Sasa mapengo yenyewe. Kwenye patografu yenye mstari wa tahadhari na ule wa kuchukua hatua, unaanza kuchora njia (mlango wa kizazi) ikiwa imefunguka sentimita 4. Mapigo ya moyo wa mtoto ni kila nusu saa. Uchungu nao ni kila nusu saa, ukihesabu mara ngapi ndani ya dakika 10 na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Njia inapimwa kila saa 4, na presha pia kila saa 4. Wodi zilizohamia mwongozo wa WHO wa 2020 zinaanza sentimita 5, na ile mistari miwili haipo tena, lakini nusu saa ya mapigo ya mtoto iko palepale. Mama aliyeanza kuchorwa saa 22:00 na kujifungua saa 02:00 anatakiwa awe na nukta nane au tisa za mapigo ya mtoto. Zikionekana tatu, msomaji atahesabu kwa kidole.

Zikionekana tisa, zote 140, atahesabu pia. Hapa ndipo ninapokasirika. Wodi nzima ina presha 120/80 na joto 36.5, vitanda ishirini mfululizo, wino mmoja, mwandiko wa mkono usiochoka. Chati ya namna hiyo imeandikwa mezani saa 12 asubuhi, na kila aliyewahi kulala wodini anajua. Hata mashine inakusaliti: ile ya presha yenye saa ya mshale imegawanywa kwa mbilimbili, kwa hiyo 121/79 kwenye wodi isiyo na mashine ya dijitali inazua swali. Vipimo sita vya kweli vina faida kwako kuliko ishirini vya kubuni. Kipimo usichochukua, acha nafasi wazi kisha andika sababu.

Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, nayo ina mtego wake. Dozi ya kuanzia watu wanaiandika vizuri: gramu 4 kwenye mshipa, yaani mililita 8 za asilimia 50 ukiongeza maji ya sindano mililita 12, polepole kwa dakika 5 hadi 20, kisha gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako, na mililita 1 ya lignokeini (ganzi) ya asilimia 2 katika kila bomba. Kinachosahaulika ni kile kinachotakiwa kuandikwa kabla ya gramu 5 za kila saa 4: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, mkojo si chini ya mililita 100 kwa saa 4. Dozi ikionekana bila vipimo hivi vitatu mbele yake, utaulizwa ulijuaje kwamba ni salama. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi mwilini, gramu 1, iwe kwenye trei yako, si stoo.

Kwenye kitabu cha dawa zinazodhibitiwa hakuna huruma hata kidogo. Ampuli ya pethidini, dawa kali ya maumivu, ni miligramu 100, mgonjwa ameandikiwa 75. Zile 25 zimekwenda wapi? Andika zimemwagwa, saa ngapi, na aliyeshuhudia asaini akiziona zikimwagwa, siyo kesho yake akipita na chai. Salio lihesabiwe na watu wawili kila zamu inapokabidhiwa. Ukipokea funguo bila kuhesabu, umepokea na upungufu.

Kuhusu maelezo ya muuguzi, ile sentensi ya "mgonjwa anaendelea vizuri, hana malalamiko, matibabu yanaendelea" naiomba ipumzike. Haimlindi mtu. Linganisha na hii, ya mama anayetokwa damu baada ya kujifungua (oksitosini ni dawa ya kukaza tumbo la uzazi): "02:10, pedi mbili zimelowa ndani ya dakika 30. Tumbo la uzazi laini, usawa wa kitovu. Presha 90/60, mapigo 118. Tumbo limesuguliwa, limekaza. Oksitosini vizio 10 kwenye msuli. Katheta imetoa mkojo mililita 400. Dripu ya lita 1 yenye oksitosini vizio 20, matone 60 kwa dakika. Daktari wa zamu amepigiwa 02:14, amefika 02:31." Ni mistari michache, unaiandika kwa dakika mbili, na humo mna kila kitu: ulichoona, ulichofanya, uliyemwita, na saa.

Daktari asipopokea simu, andika hivyo hivyo: 02:14 hakupokea, 02:17 hakupokea, 02:20 amepigiwa muuguzi mfawidhi. Usiandike kwamba daktari ni mvivu, hata kama wodi nzima inajua. Amri ya dawa kwa simu irudie kwa sauti mpaka akubali, mwenzako akisikia, na umfuatilie asaini akifika. Ukikosea neno, piga mstari mmoja juu yake, andika saini na saa, neno la zamani libaki linasomeka. Wino mweupe hauna kazi wodini.

Najua mtaniambia: niko peke yangu na wagonjwa thelathini. Ni kweli, na faili halijui hilo mpaka ulijulishe. Kitabu cha ripoti kina mahali pa idadi ya wagonjwa na idadi ya wauguzi wa zamu. Kijaze unapoingia, si unapotoka. Wagonjwa wawili wenye hali mbaya wapate vipimo vyao vyote, na waliotulia uandike kwamba ulipita na saa uliyopita.

Turudi kwa mkunga wangu. Omba nakala ya faili kwa maandishi. Hakikisha leseni yako ilikuwa hai usiku ule, kwa kuwa hilo ni la kwanza kuangaliwa. Maelezo yako yafuate saa, kutoka ulipopokea zamu hadi gari la rufaa lilipoondoka, na usijaze matukio ambayo hukuyaona. Usifungue kwa "naomba mnisamehe" kabla hujajua unashutumiwa nini hasa. Mtu wa TANNA (chama cha wauguzi), TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) au wakili ayasome kabla hujapeleka, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Pengo lako litaje wewe mwenyewe, kabla hawajalitaja wao. Umeniambia saa ile ulikuwa unazalisha mama mwingine. Basi yeye yumo kwenye MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) kitabu namba 12, kile cha waliojifungua, na saa aliyojifungua imeandikwa. Sentensi yako iwe hii: "Patografu haina vipimo kuanzia 00:30 hadi 01:30. Muda huo nilikuwa nazalisha mama mwingine, nikiwa mkunga pekee wa zamu. Tazama kitabu namba 12 na kitabu cha ripoti cha usiku huo." Ambatisha nakala za kurasa zote mbili.