Kabla hujauza shamba ununue mashine kubwa, pima boti yako

Juzi nimepata ujumbe wa kaka mmoja wa Kigoma. Ana boti ya faiba yenye chumba cha kulala, inatembea kama ng'ombe aliyeshiba, na ameshapata mteja wa kiwanja chake. Anauliza jambo moja tu: "Nifunge mashine za ngapi ikimbie?" Nilisoma, nikaweka simu chini, nikanyamaza kidogo. Kaka, kiwanja bado ni chako? Basi usisaini kitu mpaka umalize kusoma hapa.

Mimi niliuza shamba la zabibu. Ekari moja na nusu, Mpunguzi, kando ya barabara ya Iringa, mizabibu aliyoipanda mama yangu. Niliuza ili boti ikimbie. Haikukimbia.

Boti niliitoa Dar ikiwa imeshatumika, futi 28, nikaipakia kwenye lori hadi bwawa la Mtera. Dodoma nzima ilinicheka, eti nahodha wa nchi kavu. Wanasahau kwamba Mtera ikijaa ni maji ya zaidi ya kilomita za mraba 600. Hesabu yangu ilikuwa wageni wa Ijumaa hadi Jumapili, hasa hawa wa serikali waliohamia Dodoma na hawana pa kwenda wikiendi. Walale majini, waone viboko, wale perege wa kuchoma. Wewe unayesoma nawe una ndoto ya namna hiyo, ndiyo maana uko hapa.

Ilikuja na mashine mbili za nguvu za farasi 40 kila moja. Nikikamua mafuta mpaka mwisho, simu inaniandikia kilomita 15 kwa saa. Siku moja nimebeba wageni sita, tukapitwa na boti ya mbao iliyojaa tenga za samaki, mashine moja ya 15. Nyuma alikaa kijana anafua maji ngama, yaani maji yaliyoingia ndani ya boti, kwa kopo la rangi lililokatwa. Alipotufikia akaacha kufua, akatuinulia lile kopo kama anayetutakia afya njema. Wageni wangu walicheka. Hilo kopo ndilo lililouza shamba la mama.

Nikanunua mbili za 60. Siku ya majaribio nilivaa shati jipya. Nikakandamiza: omo, yaani pua ya boti, ikapanda juu mpaka sioni mbele, shetri, yaani upande wa nyuma, ikazama, nyuma yetu likafumka wimbi la kutisha, mashine zinalia. Kilomita 19. Nguvu nimeongeza kwa nusu, nimepata nne. Mita ya mizunguko ya mashine ilisimama 3,900 kwa dakika wakati kitabu cha mashine kinataka 4,500 hadi 5,500. Fundi aliyenifungia alisema nitafute za 90. Sikumjibu, na mpaka leo hatusalimiani.

Nililolijua baadaye ni hili. Chombo kizito hujitengenezea wimbi, kisha kikakaa kwenye bonde lake. Chukua urefu wa boti pale inapogusa maji, kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo wake wa asili kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Yangu inagusa maji futi 25, kipeuo chake 5, kwa hiyo noti 6.7, kama kilomita 12 na ushee. Ukitaka zaidi ya hapo lazima boti iupande mlima ilioujenga yenyewe, itoke ikae juu ya maji. Kinachoikatalia kupanda ni uzito. Tena Mtera iko karibu mita 700 juu ya bahari, na mashine isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kila mita 100. Zile 120 zangu zilikuwa kama 112.

Muuzaji aliniambia tani mbili na nusu, nikaamini. Miezi baadaye dereva wa lile lori alinitumia picha ya karatasi ya mizani aliyoisahau kwenye dashibodi. Nikatoa uzito wa lori tupu. Tani 4.4! Nilirudia hesabu mara tatu juu ya meza ya chai, mke wangu ananiangalia tu.

Fundi mwingine, mzee wa Migoli, hakuuliza habari za mashine. Alipiga magoti, akagonga sakafu kwa ngumi kutoka mbele hadi nyuma kama anayechagua tikiti maji, kisha akatoboa tundu dogo karibu na shetri. Yakatoka maji ya rangi ya chai, membamba kama uzi, yananuka uozo. Yalitiririka hadi alasiri. Fomu yote, ile sponji ngumu iliyojazwa chini ya sakafu ili boti isizame ilikuwa imekunywa maji, na ubao wa ndani ya shetri umelainika kama maandazi ya jana. Juu ya ubao huo ndipo nilikuwa nimening'iniza mashine kubwa zaidi. Ningeongeza za 90, leo mngesikia habari zangu kwa wavuvi.

Tukatoa fomu, tukajenga shetri upya. Tukatoa farumi ya zege, yaani uzito wa kuituliza boti, aliyoiweka mwenye boti wa zamani, jenereta bovu, choo cha kauri, nanga ya pili. Maji ya kunywa nikapunguza kutoka lita 200 hadi 60. Lita ni kilo, usisahau. Jumla zaidi ya tani moja ilishuka. Kwa hiyo pima. Wakikuambia uzito, pima mwenyewe.

Ndipo propela. Zangu zilikuwa namba 15, yaani kila mzunguko zinataka kusonga inchi 15, gia ya boti nyepesi. Nikaweka 12. Kila inchi unayopunguza hurudisha mizunguko kama 200. Mashine tukazipandisha sentimita tano, zilikuwa zimezamishwa mno, na chini ya shetri tukabandika kabari mbili za alumini kuishusha omo. Mizunguko 5,100. Kilomita 30!

Nilipiga kelele peke yangu katikati ya bwawa. Nasema bila aibu, mafundi wengine wawili walishasema haiwezekani.

Ila vijana, mwendo si wa kuchezea. Mtera maji hushuka kiangazi, na visiki vya msitu uliozamishwa hujitokeza, vingine vikibaki shubiri moja chini ya maji. Mwezi uliopita kimoja kilinimegea bawa la propela. Kwa mwendo wa kilomita 15 ningekisukuma tu. Na ukibadili mashine, waite TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini, wakague upya. Msianze ujanja ujanja na roho za watu.

Kinachoniuma ni kwamba kwa uzito wa sasa, zile mbili za 40 zingenifikisha 20 na kitu. Wageni wangetosheka.

Kwenda Mtera lazima nipite Mpunguzi. Aliyenunua shamba amejenga uzio mzuri na anavuna mara mbili kwa mwaka. Tukikaribia pale mke wangu huongeza sauti ya redio, nami huangalia upande wa pili wa barabara.

Kaka wa Kigoma, nitumie picha ya karatasi ya mizani kwanza.